Kutoka Kasongo mpaka Kabambare

Kutoka Kasongo mpaka Kabambare, kwa njia ya anga, ni kilometa kama 115. Ndege ndogo ya mwendo wa kilometa 250 kwa saa ingetumia nusu saa tu. Sisi walimu tulikwenda kwa pikipiki, majira ya mvua, kutwa nzima. Mwaka 1876 Stanley alipita Kabambare; nasi penye potopoto tulishuka, tukasukuma, tukatembea.

Njiani tulipishana na mama mjamzito, amekaa kati ya dereva na mama mkwe wake, anapelekwa hospitali Kasongo. Akatuuliza: «Dada zangu, bado ni mbali?» Tukamwambia si mbali sana. Jua lilikuwa utosini, na sisi Kasongo tulikuwa tumeondoka kabla ya mapambazuko.