Saa 964

Kwetu Lubumbashi, kijana akipata nafasi katika chuo cha Ufaransa, ukoo mzima humwambia: "Huko utafanya kazi, utajilipia." Kazi gani, saa ngapi, hakuna anayeuliza.

Sheria ya Ufaransa humruhusu mwenye viza ya masomo kufanya kazi ya mshahara, mradi asipite saa 964 kwa mwaka, yaani asilimia 60 ya saa 1,607 za mfanyakazi wa kawaida. Anaweza kufanya chache wakati wa masomo na nyingi zaidi wakati wa likizo. Kwa kima cha chini kilichowekwa Novemba 2024, euro 11.88 kwa saa kabla ya makato, saa zote huleta kama euro 11,450. Si pesa kidogo, lakini huja mwishoni, saa baada ya saa. Kinachotangulia ni ushahidi wa euro 615 kwa kila mwezi wa mwaka wa kwanza, pamoja na ada, ambayo kwa wageni wa masta iliwekwa euro 3,770 mwaka 2019, ingawa vyuo vingi huwasamehe wengine. Hesabu hiyo nilimfanyia yaya yangu, aliyekuwa tayari kuuza lupango lake la Katuba. Alinyamaza, akaniambia nirudie, safari hii kwa faranga.

Kwetu sisi wa lugha kuna jambo jingine. Tunadhani tutaishi kwa kutafsiri, kukalimani, kufundisha Kiswahili kwenye intaneti. Kazi hizo mara nyingi ni za kujitegemea: unatoa ankara, unalipwa. Viza ya masomo haifungui mlango huo. Inataka mwajiri, mkataba na mshahara. Ukitafsiri ukurasa mmoja kwa ankara umekwisha toka nje ya ruhusa, hata kama saa zako 964 zote bado zipo. Kumbe kuosha vyombo kwa mkataba ni halali kabisa! Ndiyo maana wengine hupeleka chakula kwa baiskeli kwa akaunti ya mtu mwingine, wakimkatia sehemu ya pato lao.

Mimi ningeiita hali hii kibarua kuliko kazi. Neno lenyewe limetoka kwenye barua, karatasi ndogo ya mfanyakazi wa kutwa.

Njia moja hutajwa mara chache: vyuo vya Ufaransa vinaweza kuajiri wanafunzi wao wenyewe, maktabani, mapokezi au kuwasaidia wa mwaka wa kwanza, hadi saa 670 kati ya Septemba na Juni, nazo huhesabiwa ndani ya zile 964. Katika barua yangu ya maombi nimeuliza kama idara ya lugha za Afrika huajiri hivyo, na kama mgeni anaweza kuomba kabla hajafika. Nangoja jibu.