Hesabu ya Tano

Wahenga walinena, "Hujafa hujaumbika." Katika nyumba ya sajini mmoja wa Kanombe, mjini Kigali, methali hiyo ilipiga hodi mara mbili. Mara ya kwanza ilimjia mtoto wa kiume, aliyezaliwa baada ya uchungu wa siku mbili, akakaa kimya kitambo kirefu kabla ya kulia. Mara ya pili ilimjia babu yake, askari polisi mstaafu, ambaye asubuhi moja aliamka mkono na mguu wa kuume havina nguvu, na ulimi umekuwa mzito. Mtoto alikuwa na mtindio wa ubongo. Mzee alikuwa amepatwa na kiharusi.

Kigali ni mji wa vilima, na nyumba hiyo ilikuwa chini ya ngazi nyingi. Kila asubuhi mama alimfunga mtoto mgongoni na kuzipanda. Alimlisha, alimvika, alimwosha, akamgeuza usiku ili asiumie ubavu. Hakuwahi kunung'unika. Lakini mtoto alikuwa ametimiza miaka 6, miguu yake ikining'inia kufikia magoti ya mama, na kiuno cha mama kilikwisha anza kumsaliti. Ndipo ilipokuja habari kwamba sajini atapelekwa Jamhuri ya Afrika ya Kati, ambako majeshi ya Rwanda yamekuwa yakilinda amani chini ya Umoja wa Mataifa tangu mwaka 2014. Usiku huo wazazi wawili walikaa pasipo kusemezana. Kila mmoja alikuwa akijiuliza swali lile lile: ni nani atakayembeba?

Yafaa ieleweke kwamba mtindio wa ubongo si laana wala si malipo ya dhambi ya mzazi. Ni dhara lililoufika ubongo kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa, au muda mfupi baadaye: kwa kukosa hewa, kwa kuzaliwa kabla ya miezi kutimia, kwa manjano kali, au kwa homa ya uti wa mgongo. Dhara lenyewe haliongezeki. Linaloongezeka ni ukakamavu wa viungo visivyotumiwa. Na kwa mtoto ambaye kila kitu hutendewa, linaongezeka jambo lingine la kusikitisha zaidi: anazoea kutotaka.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyewatembelea hakuanza kwa kumnyoosha mtoto. Aliuliza tu, "Mama, huyu hufanya nini mwenyewe?" Mama alifikiri, akatafuta jibu, akalikosa.

Mtaalamu huyo alikuwa amejifunza njia ambayo kwa Kiswahili twaweza kuiita elimu ya kuongoza mwendo. Chanzo chake ni Daktari András Pető wa Hungaria, aliyeanza kazi hiyo mjini Budapest mwaka 1945, na mwaka 1950 serikali ya nchi hiyo ikaifanya kuwa taasisi ya taifa. Pető alifariki mwaka 1967, na mwanafunzi wake, Mária Hári, akaiendeleza. Fikira yake kuu ni kwamba mtu mwenye viungo visivyomtii si mgonjwa wa kulala akikandwa, bali ni mwanafunzi. Anapaswa kujifunza kukaa, kushika, kuvaa na kusimama, kama wengine wanavyojifunza kusoma. Na masomo yake ni shughuli za siku nzima, tangu kuamka hadi kulala. Njia hiyo hutumiwa pia kwa watu wazima waliopatwa na kiharusi au ugonjwa wa kutetemeka viungo.

Vyombo vyake ni vya seremala wa kawaida. Fundi mmoja wa Gakiriro, Gisozi, alitengeneza kitanda cha vipande vya mbao vilivyoachiwa nafasi, ili vidole vipate pa kushika, na kiti ambacho mgongo wake ni kama ngazi ndogo, cha kushikilia wakati wa kusimama. Kisha likaja somo lenyewe. Mwanafunzi husema kwa sauti jambo atakalolitenda, halafu hulitenda kwa hesabu: "Nashika ubao. Moja, mbili, tatu, nne, tano." Maneno hutangulia, mwili hufuata.

Sajini aliposikia hivyo aliinua kichwa. Kwa miaka mingi alikuwa amewafundisha makuruta, vijana ambao siku ya kwanza hawakujua mguu upi ni wa kushoto, na alijua kwamba hakuna aliyewahi kujifunza gwaride kwa kubebwa. Tangu jioni hiyo akawa ndiye mwenye kuhesabu. Mzee naye alisogezewa kiti kando ya mjukuu wake, wakaanza pamoja.

Mama ndiye aliyepata taabu. Siku moja mtoto alihangaika na shati lake karibu nusu saa. Mkono ulikataa kuingia, jasho likamtoka, machozi yakamlenga. Mama hakustahimili, aliinuka akalinyakua shati. Ndipo mzee, ambaye kwa miezi alisema machache, alipotamka kwa ulimi wake mzito: "Mwache, mwanangu. Mimi najua kulishwa kulivyo." Mama alisimama na shati mkononi. Hakuwa amepata kufikiri kwamba mkono wake wa huruma ungeweza kumwonea mtu haya. Akalirudisha. Dakika chache baadaye mkono wa mtoto ulitokeza.

Isidhaniwe kwamba hii ni dawa. Ubongo uliodhurika hauponyeshwi kwa hesabu, na wataalamu hawajathibitisha kwamba njia hii inazipita nyingine za mazoezi. Mtoto mwenye kifafa, au anayepaliwa na chakula, au ambaye uti wake unapinda, hana budi kuonwa na daktari kwanza. Wala Rwanda haikuanza jana kuwashughulikia wenye ulemavu: kituo cha Gatagara, wilayani Nyanza, kilianzishwa na Padri Joseph Fraipont Ndagijimana mwaka 1960, na mwaka 2008 nchi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Lakini mkataba hauingii jikoni kumpa mtoto kijiko. Kazi hiyo ni ya wale walio nyumbani, na sehemu yake iliyo ngumu kupita zote ni kungoja.

Alfajiri ya kuondoka, sajini aliweka mzigo wake mlangoni. Mtoto alikuwa ameshika kiti cha ngazi, magoti yakitetemeka. "Nasimama," alisema kwa taabu. Sajini alifumbua kinywa ili ahesabu, lakini mzee alikwisha mtangulia, akiyaburuta maneno moja moja hadi tano. Mtoto alisimama hadi ya nne, kisha akaketi.

Mama bado humbeba kwenye ngazi za kilimani. Hata hivyo, wafikapo mlangoni humteremsha, akamwachia kizingiti akivuke mwenyewe, huku yeye ameifumbata mikono yake nyuma.