Kile Ambacho Luku Haisomi

Mimi ni fundi wa umeme na viyoyozi hapa Mpanda. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni jengo moja la ofisi la ghorofa tatu, lenye vioo vingi upande wa magharibi. Nalitunza tangu enzi za dizeli, maana mji huu ulikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa. TANESCO walituzalishia umeme kwa jenereta papa hapa, na mafuta yakasafirishwa kutoka pwani mpaka huku magharibi ya nchi. Lita moja ya dizeli kwenye jenereta nzuri hutoa uniti tatu hadi nne, na ikiungua huacha angani takriban kilo 2.7 za hewa ukaa. Kwa hiyo kila uniti tuliyoitumia ofisini ilikuwa imetoa karibu robo tatu ya kilo ya hewa ukaa, kabla hujaongeza moshi wa lori lililoleta mafuta.

Umeme ulipokatika tuliwasha jenereta ya jengo, na hapo hasara ilizidi. Jenereta kubwa ikibebeshwa taa chache na kompyuta hunywa mafuta mengi kwa kila uniti kuliko ikipewa mzigo wake halali, na masizi huganda kwenye ekzosi.

Ilipojengwa laini ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga hadi hapa kwetu, hesabu ilibadilika. Umeme wa gridi unatoka zaidi kwenye maji na gesi asilia. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji peke yake lina mashine 9 zenye jumla ya megawati 2,115. Hii ni nafuu kubwa kwa mapafu yetu na kwa anga, nami naifurahia kwa moyo wote. Lakini nilichokiona baada ya umeme kutulia ni maombi ya viyoyozi. Kila ofisi inataka chake, na wenye kimoja wanataka cha pili.

Siwalaumu. Mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita hupita juu kabisa ya utosi wa Mpanda, mvua bado, na bati lisilo na kizuizi cha joto chini yake huwaka mpaka jioni. Saa tisa alasiri jua linageukia vile vioo vya magharibi. Wenye ofisi hununua mapazia mazito, lakini pazia liko ndani: joto likilifikia limeshavuka kioo, na kiyoyozi ndicho kitakacholitoa. Kivuli kinatakiwa nje. Niliruhusiwa kufunga neti ya kivuli nje ya madirisha ya masijala, na tangu hapo kompresa ya chumba kile hupata muda wa kupumzika alasiri, jambo ambalo vyumba jirani havilijui. Nyumba za zamani mjini, zenye baraza pana, zilimaliza suala hili kwa paa lililotokeza tu.

Jambo lingine ni madirisha wazi huku kiyoyozi kinanguruma. Nilimkuta mama mmoja wa uhasibu katika hali hiyo.

“Shikamoo, mama. Nikufungie dirisha?”

“Marahaba, mwanangu. Usinifungie, nitaumwa kichwa.”

Alikuwa na haki. Viyoyozi hivi vya ukutani haviingizi hewa mpya. Vinapoza ileile iliyomo chumbani, inayopumuliwa na watu saba tangu asubuhi. Tukakubaliana madirisha yafunguliwe mapema, hewa ya usiku iingie, yafungwe kabla ya kuwasha, na yafunguliwe tena mchana mashine ikiwa imezimwa. Bango la “Okoa umeme” lisingefanya kazi hiyo.

Kwa umeme unaopotea usiku, namtumia mlinzi. Nasoma mita watu wakitoka, naye anaisoma kabla hawajaingia. Tofauti ya hapo ni umeme ulioliwa na vyumba vitupu: mashine za maji ya kunywa zinazochemsha na kupoza usiku kucha, mashine za kunakili, taa za korido, kiyoyozi kilichosahauliwa. Ukitaka kulijua jengo la ofisi, lisome usiku.

Yote hayo mita ya Luku inayasoma. Kuna kitu haikisomi, na ndicho kinachonikosesha raha kuliko vyote: gesi iliyomo ndani ya viyoyozi.

Viyoyozi vingi tulivyo navyo vinatumia R-410A. Kilo moja ya gesi hiyo ikitoroka, madhara yake kwa joto la dunia katika miaka 100 ni sawa na takriban tani mbili za hewa ukaa. Igeuze iwe dizeli: ni kama kuchoma lita 740 hivi. Kiyoyozi kimoja cha BTU 12,000 kina karibu kilo moja. Jengo lenye viyoyozi 50 limebeba ukutani mwake madhara yanayokaribia yale ya lori zima la mafuta, kimya, bila moshi wala harufu. R-22 ya mashine za zamani nayo haipungui sana kwa joto, na juu ya hapo inaharibu tabaka la ozoni.

Sasa tazama tunavyofanya mitaani. Kiyoyozi hakipozi, anaitwa fundi, “anaongeza gesi,” analipwa, anaondoka. Mwaka unaofuata anaitwa tena. Gesi ya kiyoyozi hailiwi kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba miaka yote. Ikipungua, inavuja, na kuongeza bila kuziba ni kuilipia iende angani. Vibaya zaidi ni wakati wa kuhamisha mashine: nati inalegezwa, gesi inafoka nje mpaka inyamaze, na kijana anayejifunza anaona hivyo ndivyo kazi ilivyo.

Njia sahihi haihitaji mtambo wa ajabu. Kama kompresa ni nzima, unafunga valvu ya bomba jembamba, unaiacha mashine ivute gesi yote irudi kwenye kitengo cha nje, unafunga valvu ya bomba nene, unazima. Ni dakika chache. Pavujapo panatafutwa kwa povu la sabuni kwenye viungio, na mara nyingi ni kiungio kilichokazwa vibaya siku ya kufunga.

Mwaka 2016 mataifa yalikubaliana Kigali kupunguza gesi za jamii ya R-410A. Na mkoani kwetu, vijiji vya Wilaya ya Tanganyika vinavyotunza misitu ya Ntakata vinapata fedha za hewa ukaa. Miti yao inapimwa, na fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati. Mwanakijiji anazuiwa kukata mti kwa sababu ya kaboni iliyomo. Sioni kwa nini ofisi za mjini zisiulizwe kilo ngapi za gesi zimemwaga.

Ndiyo maana nimeomba mkataba wa matengenezo ubadilishwe: fundi alipwe kwa kutafuta na kuziba panapovuja, na gesi isiongezwe kabla hajaonyesha palipovuja. Kitabu cha matengenezo kimeongezwa safu ya gramu zilizotiwa katika kila mashine, pamoja na tarehe. Mashine itakayojitokeza mara mbili kwenye safu hiyo itafunguliwa yote, viungio vikatwe na kutengenezwa upya. Upande wa mkataba bado nasubiri jibu.