Miaka mitano au kumi?

Samahani kwa kimya. Safari hii si stima iliyonizuia, ni barua.

Mwezi uliopita kampuni moja ya Uingereza ilinipa kazi ya kuandika programu, ikakubali kunidhamini viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi. Nilimsomea mama barua hiyo barazani, hapa Takaungu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na huko utakaa miaka mingapi, mwanangu?"

Nikamjibu mitano. Ndivyo tulivyozoea kusikia: unafanya kazi miaka 5, unaomba ukaazi wa kudumu, na tangu hapo mwajiri hana amri juu ya viza yako. Usiku nikaingia mtandaoni kuhakikisha. Kumbe jibu langu limeanza kupitwa na wakati.

Aprili 2024 kima cha chini cha mshahara wa viza hii kilipanda kutoka pauni 26,200 kwa mwaka hadi 38,700. Julai 2025 kikafika 41,700. Mei 2025 serikali yao ilitangaza nia ya kufanya muda wa kungojea ukaazi uwe miaka 10. Novemba ikafafanua pendekezo lake, ambalo mimi naliandika hivi:

kama umelipwa pauni 50,270 au zaidi kwa miaka 3 mfululizo, ngoja 5. La sivyo, ngoja 10.

Tena lililenga hata waliokwisha kuhamia. Ni kama kubadilisha msimbo huku programu inatumika na watu wamo ndani.

Mshahara wangu ungevuka mstari huo kidogo tu. Lakini nani anaushika? Mwajiri. Akinipunguza kazini, kwa kawaida nabaki na siku 60 za kutafuta mdhamini mwingine. Na ada ya afya, iliyopandishwa Februari 2024 kuwa pauni 1,035 kwa mwaka, ni 5,175 kwa miaka 5 na 10,350 kwa miaka 10.

Rafiki niliyesoma naye chuo akaniambia nitazame Ujerumani, iliyotia saini mkataba wa wafanyakazi na Kenya Septemba 2024. Mwenye Kadi ya Buluu huko anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miezi 27 ya kazi na michango ya pensheni, akijua Kijerumani cha mwanzo. Akifika kiwango cha B1, ni miezi 21. Kazi bado unaihitaji, lakini ile miezi 6 naipunguza mwenyewe, kwa kusoma.

Ijumaa niliwaandikia wale wa Uingereza kuwashukuru, nikakataa. Mkono ulitetemeka, siwafichi. Ule mshahara ungemaliza nyumba ya mama.

Jumatatu naanza Kijerumani. Kwa hiyo nawe ukipata barua kama yangu, usitazame mshahara peke yake. Uliza lipi katika masharti hayo liko mikononi mwako.

Mama nimemwambia nilikosea hesabu. Akacheka: "Afadhali umekosea ukiwa nyumbani."