Mkate Usiohitaji Kisu

Akina mama wenzetu, katika nyumba yetu hapa Iringa sisi wanawake tuko watatu: Bibi, Mama, na Binti aliye darasa la sita. Mama ndiye aliyeshika kalamu, lakini maneno haya ni yetu sote, maana sote tulikuwamo. Wanaume ni wawili: Baba, ambaye Bibi ndiye aliyemzaa, na kijana wetu wa kwanza. Tunataka kuwaeleza namna ya kupika mkate wa kitunguu saumu, ule wa kumega kwa mkono. Lakini hatuwezi kuueleza mkate huo bila kusema kwanza jinsi tulivyokaa miezi mitano katika nyumba moja bila kula pamoja.

Mambo yalianza mwezi wa Januari, matokeo ya kidato cha nne yalipotoka. Kijana wetu hakufaulu. Baba alisimama mlangoni, mbele ya jirani aliyekuja kuazima jembe, akasema kwamba ada ya bweni ya miaka minne ingenunua ng'ombe wa kujaza zizi, na ng'ombe angalau wangetoa maziwa. Kijana hakujibu neno. Jioni ile alichukua sahani yake akaingia nayo chumbani, na tangu siku hiyo hakuketi tena mezani.

Je, sisi tulifanya nini? Tulipakua. Sahani ya Baba tuliiweka mezani karibu na redio. Sahani ya kijana tuliifunika kwa sahani nyingine tukampelekea chumbani. Sisi watatu tulikula jikoni. Kila mtu alishiba, na sisi tulijiona wapatanishi kwa kuwa hatukumlaza mtu na njaa. La hasha! Tulikuwa wachukuzi wa ugomvi. Kila sahani tuliyoipeleka chumbani iliuongezea ugomvi ule siku moja ya kuishi.

Bibi ndiye aliyeligundua jambo hilo kwanza. Alituambia kwamba utotoni mwake ugali uliwekwa katikati kwenye sinia moja, na mboga katika bakuli moja, na aliyenuna hakuwa na pa kunuia. Ama anawe mikono aje, ama alale njaa. "Mkikutana mikono kwenye tonge," alisema, "hasira hukosa mahali pa kukaa." Kisha zikaja sahani, kila mtu na yake, na sisi tukaona ni maendeleo. Si kwamba sahani ni mbaya. Ubaya ni kwamba mtu mwenye sahani yake anaweza kuondoka nayo.

Ndipo tukakumbuka mkate wa mama mdogo. Yeye hupika katika hoteli moja huko Dar es Salaam, na alipokuja likizo alitueleza mkate ambao wageni huuagiza wakiwa wengi. Haukatwi kwa kisu. Ni madonge madogo ya unga wa ngano, kila donge limechovywa katika siagi yenye kitunguu saumu, yakapangwa kubanana katika chombo kimoja na kuokwa pamoja. Mnazijua skonzi za dukani, zinavyotoka zimeshikana ubavu kwa ubavu? Basi ni jambo lile lile, ila hizi hazina utamu wa sukari, na siagi iliyo katikati huyafanya madonge yashikane bila kugandamana. Ukivuta moja, linaachia.

Tuliujaribu mara ya kwanza Jumamosi moja ya mwanzo wa Juni, sisi watatu tu, na uliungua. Hatuna jiko la kuokea. Tulitumia jiko la mkaa na sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, lakini chini tuliweka mengi kama tunachemsha maharage. Kitako cha mkate kikawa cheusi, na kitunguu saumu kilichoshuka chini kikaungua. Kitunguu saumu kikiungua huwa kichungu, wala hakuna cha kukiokoa. Kuku walikula kitako, sisi tukala sehemu ya juu. Sehemu ile ya juu ndiyo iliyotufanya turudie.

Jumamosi iliyofuata tulijipanga vizuri. Na hivi ndivyo tulivyofanya, ili nanyi mfanye.

Chukua unga wa ngano nusu kilo. Changanya na vijiko viwili vya chai vya hamira ya chenga, kijiko kimoja cha mezani cha sukari na kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Weka vijiko viwili vya mezani vya siagi, usugue kwa vidole hadi ipotee katika unga. Pasha maziwa au maji, kikombe kimoja na robo. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Hamira ni kitu hai, na maji ya moto huiua. Maji yawe kama yale ya kumwogeshea mtoto mchanga. Ukimwaga tone kwenye kifundo cha mkono usishtuke. Mimina kidogo kidogo huku ukichanganya, mpaka unga ushikane na uwe laini.

Kisha kanda kwa dakika kumi kamili. Ngano ina protini ambayo ikilowa na kukandwa hugeuka kama nyuzi zinazovutika, na nyuzi hizo ndizo zinazoshika hewa inayotolewa na hamira. Ukikanda kivivu, hewa hutoroka na mkate huwa mzito kama tofali.

Sasa, kwa kawaida kukanda ni kazi ya Bibi. Lakini Juni ya Iringa ni ya baridi, na vifundo vya mikono yake vilikuwa vinamuuma tangu alfajiri. Mama alikuwa na makaa, Binti alikuwa anatwanga kitunguu saumu kwenye kinu. Bibi hakumwomba mtu ushauri. Alipaza sauti kuelekea chumbani: "Mjukuu wangu, njoo unisaidie mikono."

Alikuja. Hakumkatalia Bibi hata siku moja, na Bibi alilijua hilo. Alinawa, akapandisha mikono ya sweta, akaanza. Mwanzoni alikanda kama mtu aliyetumwa. Baada ya muda alianza kuusukuma unga kwa kiganja, kuukunja, kuupiga, kuusukuma tena. Meza ilitikisika. Dakika kumi zikapita, tukanyamaza. Zikafika kumi na tano. Alikuwa anatokwa na jasho katika baridi ile, na macho yake yalikuwa na maji, nasi hatukumwuliza ni moshi au ni kitu gani. Binti alipotaka kusema, Bibi alimkanyaga mguu. Tulimwacha amalize mwenyewe. Unga ule ulikuwa laini kama ndewe ya sikio.

Tuliufunika kwa kitambaa kibichi, tukauweka karibu na jiko, si juu yake. Mahali penye joto saa moja hutosha. Kwetu siku ile ulichukua karibu saa mbili kuumuka na kuwa maradufu. Msiharakishe, baridi huichelewesha hamira, haiiui.

Wakati wa kungoja tulitengeneza siagi. Siagi vijiko sita vya mezani, iyeyushwe kwa moto mdogo na iondolewe jikoni. Ndipo tia punje sita za kitunguu saumu zilizotwangwa, chumvi kidogo, na majani ya giligilani yaliyokatwa vidogo. Usikaange. Kitunguu saumu kitaiva ndani ya mkate. Chetu tulikinunua sokoni, na muuzaji alituambia kimetoka Mbulu, huko Manyara, wanakokilima kwa wingi. Punje zake zilikuwa ndogo lakini kali.

Unga ulipoumuka, tuliupiga konde moja kutoa hewa, tukaukata madonge ishirini na manne, kila moja kama ndimu. Tulichovya kila donge katika siagi ile, tukayapanga katika sufuria iliyopakwa mafuta, safu mbili, bila kuyashindilia. Tukayaacha nusu saa yaumuke tena. Kisha jikoni: makaa machache yaliyofifia chini, makaa mengi yenye moto juu ya mfuniko. Moto wa juu uwe mkubwa kuliko wa chini. Hiyo ndiyo siri yote ya kuoka kwa mkaa. Baada ya dakika ishirini na tano funua kwa uangalifu majivu yasiingie. Juu pawe na rangi ya dhahabu, na kijiti ukichomeka katikati kitoke kikavu. Mwenye jiko la umeme au gesi aoke kwa nyuzi 180 kwa muda wa nusu saa.

Harufu ya mkate ule haikubisha hodi. Ilipita jikoni, ikapita ukumbini, ikamkuta Baba na redio yake. Alikuja mwenyewe kuuliza kuna nini. Bibi akamjibu kwamba kuna mkate, na kwamba hauwezi kupelekwa popote, sharti uliwe ulipo. Tulitandika mkeka jikoni kwa sababu ya joto, tukaweka sufuria katikati juu ya ubao, na chai ya tangawizi pembeni. Hatukuleta sahani hata moja. Hatukuleta kisu.

Kijana alikuwa tayari ameketi, mikono bado ina unga kwenye kucha. Baba alisimama kidogo. Kisha akavua viatu, akaketi. Aliomba sala ya chakula kwa sauti ndogo kuliko kawaida yake.

Mkate wa moto wa namna hii, akina mama, una tabia moja: donge la kwanza ni gumu kutoa. Yote yamebanana, na ukivuta moja, sufuria nzima inakufuata. Baba alivuta, sufuria ikamfuata. Akavuta tena. Kijana akanyoosha mkono akaishika sufuria kwa kitambaa upande wa pili, akaikaza. Donge likaachia, mvuke ukapanda katikati yao. Baba alilimega mara mbili, akala nusu, nusu akabaki nayo mkononi. Halafu akampa.

"Unga umekandwa na nani?" aliuliza.

"Kaka," alijibu Binti, maana safari hii mguu wake ulikuwa mbali na wa Bibi.

Baba alitafuna. "Umekandika," alisema.

Hayo ndiyo yaliyosemwa. Hawakuombana radhi siku ile, wala hatukupiga vigelegele. Madonge ishirini na manne yaliisha, na la mwisho lilibaki sufuriani kwa muda kwa sababu kila mmoja alikuwa anamwachia mwenzake. Bibi akalichukua. "Meno ya mbwa hayaumani," alisema, akala.

Mazungumzo ya shule yalikuja baadaye, na hayakuwa mepesi. Baba alisema yaliyokuwa moyoni mwake, na kijana naye akasema yake, ikiwamo habari ya jirani na jembe. Kuhusu hilo Baba alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema alikosa. Kijana aliamua kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hatujui atapata nini. Tunalojua ni kwamba anasoma mezani, si chumbani.

Hatuwaambii kwamba mkate hupatanisha watu. Mkate ni unga na hamira. Tena mtu asiutumie kama hongo, kumshibisha mwenye haki ili asidai haki yake. Tunachosema ni kwamba sisi tunaopakua tuna uwezo mkubwa kuliko tunavyodhani. Tukipakua mbalimbali, tunawarahisishia watu kuishi mbalimbali. Tukiweka kitu kimoja katikati, kitu ambacho lazima mmoja ashike ili mwingine avute, tumewapa nafasi. Waitumie au wasiitumie, hiyo ni juu yao.

Kabla ya kuweka kalamu chini, mambo mawili ya usalama. Siagi ya kitunguu saumu ikibaki, iwekwe katika friji na itumike ndani ya siku chache. Kitunguu saumu kibichi kikikaa ndani ya mafuta kabatini kinaweza kuzaa sumu isiyo na harufu wala ladha. Na jiko la mkaa lisiwashwe katika chumba kilichofungwa, hata baridi iwe kali namna gani. Sisi siku ile mlango na dirisha la jikoni vilikuwa wazi, na ndiyo maana tulivaa masweta.

La mwisho ni hili. Jumamosi iliyofuata Baba alirudi kutoka mjini, akapita jikoni bila kusema neno. Alitoa kitu katika mfuko wa koti, akakiweka mezani, akaenda zake kwenye redio. Tulipotazama, ilikuwa paketi ya hamira.