Docker Compose: angalia kabla ya kubonyeza Enter

Leo tuzungumzie amri mbili zinazotofautiana kwa herufi moja tu.

Ya kwanza ni docker compose down. Husimamisha kontena za mradi na kuziondoa, lakini volyumu, yaani zile sehemu za diski ambamo Docker hutunza data nje ya kontena, hubaki. Ya pili ni docker compose down -v. Hiyo hufagia na volyumu pia. Na haiulizi kama una uhakika! Hata docker volume prune huuliza kwanza.

Mwaka jana nilikuwa nikitunza mfumo wa duka moja la jumla: tovuti, API, Redis na PostgreSQL, kila moja na kontena yake. Ndani ya PostgreSQL mlikuwa na madeni ya wateja wote, na daftari la karatasi lilikuwa limeachwa kitambo. Seva ilipoanza kusumbua, mwanagenzi wetu alikuja na amri aliyoitoa mtandaoni. "Bosi, ni down -v halafu up, inamaliza shida yote." Kweli inamaliza, ukishafuta data hakuna data ya kukusumbua. Nilimwambia aiandike hivi:

docker compose --dry-run down -v

Swichi hii iliingia kwenye Compose mwaka 2023. Husoma hali halisi ya kontena zako, kisha huonyesha hatua ambazo zingechukuliwa, bila kuchukua hata moja. Mistari yake hubeba maneno DRY-RUN MODE ili usichanganyikiwe. Kijana akasoma akishuka: Container, Container, kisha Volume duka_pgdata, Removed. Akaondoa mkono kwenye kibodi.

"Hiyo si ndiyo ya madeni?"

Ndiyo hiyo. Tukaendelea bila -v.

Ukiitumia na up -d, tafuta neno Recreate. Likiwa kando ya hifadhidata usishtuke: kontena itaundwa upya na volyumu itabaki, ila huduma itakatika kidogo. Mimi hungoja duka lifungwe.

Lakini usiiamini kupita kiasi. Itakuandikia Started ilhali hakuna kilichowashwa. Nenosiri la hifadhidata likiwa na kosa, haitaligundua. Na bakapu bado ni kazi yako, pg_dump haijastaafu.

Jambo dogo: mimi huandika --dry-run mara tu baada ya neno compose, kabla ya kitu kingine chochote. Kidole kikiteleza kwenye Enter, hakuna msiba. Na kama seva yako bado ina Compose toleo la 1, ambalo liliacha kupata masasisho Julai 2023, swichi hii haitambuliwi kabisa. Pandisha toleo kwanza.

Ile volyumu ya madeni tuliitangaza kuwa external: true kwenye faili ya Compose wiki hiyo hiyo, tukaitaja kwa jina lake kamili. Sasa hata down -v huiruka.