Sasebo: Bandari Iliyozaliwa na Manowari

Ukitaka kwenda Sasebo kutoka mji wa Fukuoka utapanda treni katika stesheni ya Hakata, na baada ya muda unaokaribia saa mbili utakuwa umefika. Treni hupita katika mashamba ya mpunga na vilima vya misitu, kisha ikifika stesheni ndogo ya Haiki hugeuza mwendo: kichwa kinakuwa mkia, nanyi abiria mnaendelea na safari kinyumenyume. Wenyeji hawashtuki. Mimi nilishika kiti kwa mikono miwili, nikadhani tumeandamwa na jambo.

Ilikuwa Jumapili ya Novemba 2023. Nilikuwa Fukuoka kwa mafunzo ya majuma mawili, na wenzangu walikwenda madukani siku hiyo ya mapumziko. Mimi nilichagua Sasebo, na sababu yenyewe haikuwa utalii mtupu. Babu yangu mzaa baba alikuwa na mdogo wake aliyeandikwa jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili, katika kikosi cha wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa Februari 1944 alipanda meli Mombasa pamoja na wenzake kwenda Ceylon. Meli hiyo iliitwa Khedive Ismail. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, ilipigwa topido mbili na nyambizi ya Kijapani, ikazama kwa muda usiotimu dakika 2. Watu 1,297 waliangamia, wengi wao askari wa kikosi hicho, na pamoja nao wauguzi wa kike. Nyumbani kwetu habari ilifika kwa jumbe, na jumbe akaileta kwa bibi mzaa babu akiwa shambani. Kaburi hakuna.

Nyambizi ile ilikuwa na namba badala ya jina: I-27. Iliundwa Sasebo.

Mji wenyewe hauna asili ya ukale. Mpaka 1886, serikali ya Japani ilipoamua kuweka hapo makao ya jeshi la majini, Sasebo ilikuwa kijiji cha wavuvi na wakulima. Wakubwa wa jeshi walipenda ghuba yake: ina kina kirefu, imezungukwa na vilima, na mlango wake wa kutokea baharini ni mwembamba. Makao yalifunguliwa 1889, na mwaka 1902 Sasebo ilipandishwa kuwa mji moja kwa moja kutoka kijiji. Miaka miwili baadaye, Februari 1904, Admirali Togo aliondoka katika ghuba hii na manowari zake kwenda kupigana na Warusi. Msomaji wa pwani atapenda kujua kwamba kundi la manowari za Kirusi lililotumwa kumkabili Togo lilizunguka Afrika, likatia nanga majuma mengi Nosy Be, kaskazini ya Madagaska, kabla ya kwenda kuangamizwa Tsushima Mei 1905. Admirali wake aliyejeruhiwa, Rozhestvensky, aliletwa hospitali ya jeshi hapa Sasebo, na Togo mwenyewe akaenda kumjulia hali.

Mwisho wa juma kuna mashua inayozungusha watalii bandarini kwa muda wa saa moja. Usiikose. Upande mmoja utaona manowari za kijivu za Wamarekani, ambao wamekuwa na kituo hapa tangu 1946. Upande mwingine zile za Wajapani. Lakini jambo lililonivuta macho ni kreni moja kubwa yenye umbo la nyundo, yenye uwezo wa kuinua tani 250. Ilitoka Glasgow mwaka 1913. Imenyanyua mizinga na mitambo ya manowari, imepitia vita, na bado imesimama mahali pake.

Chini ya kreni hiyo ndipo penye chelezo na karakana ambazo zamani zilikuwa mali ya jeshi. Mwaka 1946 zilichukuliwa na kampuni ya kuunda meli za kiraia, na mikono iliyokuwa ikiunda nyambizi ikaunda meli za mafuta. Mwaka 1962 waliteremsha majini Nissho Maru, yenye uwezo wa kubeba tani zaidi ya 130,000, meli kubwa ya mafuta kuliko zote duniani kwa wakati ule. Leo hawaundi tena. Januari 2022 kazi ya kuunda meli mpya ilikoma, kwa sababu viwanda vya China na Korea huuza kwa bei wasiyoiweza, na karakana ikabaki na kazi ya matengenezo. Mfanyakazi wa kiwanda anayesoma ukurasa huu hahitaji kuelezwa maana yake. Niliwaza juu ya fundi aliyejifunza kuunganisha mabamba ya chuma kwa baba yake, naye baba kwa babu. Je, babu huyo ndiye aliyepiga ribiti za I-27? Swali hilo lilinijia bila kuliita, nami sikuweza kulifukuza.

Kutoka gatini nilikwenda jumba la makumbusho la jeshi la majini. Hakuna kiingilio. Unapanda lifti mpaka juu, kisha unashuka kwa miguu huku historia ikishuka nawe. Mzee mmoja aliyekuwa akiwaongoza wageni aliniuliza kwa Kiingereza kidogo natoka wapi. Nilimwandikia kwenye daftari: I-27, Februari 1944, babu. Alilitazama karatasi kwa muda. Kisha akanieleza, kwa maneno machache na vidole, jambo nililokuwa nimelisoma lakini sikuwa nimelitia moyoni: kwamba nyambizi ile nayo ilizamishwa siku hiyo hiyo na manowari mbili za Kiingereza zilizokuwa zikiulinda msafara, na mabaharia wake wakafa karibu wote. Mmoja tu alisalimika. Mzee akainama. Mimi sikujua lililo adabu, nikainama pia.

Kwa chakula cha mchana, kila mtu atakuelekeza kwenye baga za Sasebo, walizojifunza kwa mabaharia wa Kimarekani. Ni kubwa na tamu, ingawa huchafua shati. Mimi nilipenda zaidi soko la Tonneru Yokocho. Wakati wa vita wananchi walichimba mahandaki ya kujikinga ndani ya kilima; usiku wa tarehe 28 Juni 1945 ndege za Marekani ziliumwagia mji mabomu ya moto, na watu zaidi ya 1,200 wakafa. Baada ya vita watu wakafungua maduka ndani ya mahandaki hayo hayo, na bado yapo. Mama mmoja aliniuzia maandazi ya samaki kutoka kwenye pango ambalo ukuta wake wa nyuma ni jiwe la mlima.

Alasiri nilipanda basi kwenda juu ya kilima cha Yumihari. Magharibi kuna visiwa vya Kujukushima, jina lenye maana ya visiwa 99, ingawa vilipohesabiwa vilikuwa 208. Kusini kuna ghuba. Huko ndiko iliko Uragashira, ambako baada ya vita walirudishwa kwa meli Wajapani karibu 1,400,000 kutoka China na kwingineko, wakanyunyiziwa dawa ya chawa, wakatembea kilometa 7 na mizigo mgongoni mpaka kituo cha kuwapokea. Kinamama wengi, watoto wengi.

Nilimpigia simu baba, nikamwambia nauona mlango wa bandari ambao nyambizi ilitokea. Akauliza maji ya huko yako namna gani. Nikamjibu kwamba yametulia kama ya ziwa, na kuna mvuvi mmoja anarudi. Baba akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama nimekwisha kula.